Chumba cha Duara

Daktari Mzee hakuandika kitabu. Watu walimsihi aandike, naye akawajibu kwamba anayetaka kujua jinsi anavyotibu aje akae. Kwa hiyo alipokufa, elimu yake yote ilibaki vichwani mwa wale waliowahi kukaa naye, na kichwa kilichobeba mengi kuliko vingine kilikuwa cha Nesi.

Nesi alikuwa ameacha unesi miaka mingi, lakini jina lilikuwa limemganda. Alipokuwa msichana wa zamu katika wodi ya wagonjwa wa akili, wodi yenye nondo madirishani na harufu ya dawa ya sakafu, Daktari alianza kufanya jambo lililowaudhi wakubwa wake. Alimtoa mgonjwa kitandani, akamketisha kitini, kisha akamzungushia watu wake: mke, kaka, jirani, hata msimamizi wake wa kazi kama alikubali. Alisema hakuna anayeugua peke yake, basi hakuna atakayepona peke yake. Wakubwa walipomchoka aliondoka, akapanga nyumba kuukuu nyuma ya kituo cha mafuta, na Nesi akamfuata.

Nyumba hiyo ndiyo iliyozaa kile kilichokuja kuitwa Tiba ya Pamoja. Chumba kikubwa kiliwekewa viti vya mbao, vyote sawa, bila meza, na Daktari mwenyewe hakuwa na kiti chake, alikaa palipobaki. Ndani ya duara hakukuwa na mtazamaji. Aliyeingia alikuwa na sehemu yake katika maumivu yale, la sivyo alibaki nje. Mgonjwa hakuulizwa tu anaumwa nini, aliulizwa nani anamhitaji. Hakuna aliyetoka pale na kidonda wazi akaachwa aende zake; mtu alimsindikiza mpaka anapolala, akakaa naye. Na hakuna aliyevutwa. Kama mama hakuwa tayari kukaa na mwanawe, kiti chake kiliachwa wazi na watu walingoja, hata mwaka. "Haraka ni ya gari la wagonjwa," Daktari alikuwa akisema.

Nesi aliyajua haya kama anavyojua njia ya jikoni kwake. Aliyarudia mpaka watabibu vijana wakambandika jina la Kaseti. Akianza tu kusema "Daktari alikuwa akituambia," mmoja ananong'ona kwamba upande wa pili umewekwa, na wengine wanacheka wakitazama sakafu. Yeye alisikia, akaendelea. Alijiona kama mtu aliyeachiwa moto autunze usizimike, na anayetunza moto hana muda wa kununa.

Mtoto wa pekee wa Daktari naye alisomea tiba hiyo hiyo, lakini ng'ambo, akarudi na shahada na sauti ya taratibu. Nesi alimjua tangu akiwa na meno ya mbele yaliyong'oka, akifanyia hesabu zake za shule kwenye benchi la nje huku baba yake yuko ndani na familia za watu. Sasa alikuwa Mkurugenzi. Bado alimwita Nesi dada, na kwa heshima, lakini kabla udongo wa kaburi la baba yake haujashikana aliitisha kikao. Alisema nyumba itagawanywa vyumba vidogo vyenye milango. Kila mtabibu atakaa na mgonjwa mmoja mmoja, na walio mbali watahudumiwa kwa simu. Makampuni yalikuwa tayari kuweka mkataba wa kuleta wafanyakazi wao, na makampuni hayataki mambo ya mfanyakazi yajulikane na shemeji zake.

Nesi alipinga mpaka sauti ikamkauka. Alisema hiyo ni hospitali ya kawaida iliyovishwa picha ya Daktari. Alisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mkurugenzi alimngoja amalize, akawaruhusu wengine, kisha akafunga mlango wakabaki wawili.

"Dada, wewe ulimjua baba akiwa kwenye duara," alimwambia. "Mimi nilimjua akiwa hayupo. Kila mtu alikuwa na haki ya kugonga kwetu, saa yoyote, na akigonga baba anainuka. Alikuwa baba wa mji mzima, sisi nyumbani tukala makombo. Mimi nataka milango. Nataka mtabibu afunge mlango wake jioni akawaone watoto wake."

Nesi aliona kuna ukweli ndani ya maneno hayo, na ukweli huo ukamtia hasira zaidi. Akaomba angalau chumba kikubwa kibaki. Mkurugenzi alikuna kidevu. Akasema kibaki kwa muda. Wakuu wa makampuni watakuja kuitembelea nyumba kabla ya kuweka saini, na kama duara kweli linaponya, dada awaonyeshe. Wakiridhika, chumba hakitaguswa.

Ni katika kipindi hicho ndipo alipoletwa Mwokaji.

Alikuwa mtu wa makamo, mpana wa mabega, mwenye unga uliokwisha kuwa sehemu ya nyusi zake. Kiwanda cha mikate alichofanyia kazi ndicho kilichomleta, kwa sababu mikate ilikuwa inachelewa. Ilichelewa kwa kuwa Mwokaji alikuwa hawezi tena kuiacha swichi ya mashine ya kukandia unga. Anaizima, anatembea hatua chache, anarudi kuhakikisha imezimwa, anaondoka, anarudi tena. Wenzake walikuwa wakimwacha tu, maana wote walijua sababu.

Mwaka uliopita Mwokaji alimwombea kazi kiwandani shemeji yake, mdogo wa mkewe, kitinda mimba wa mama mkwe waliyeishi wote naye nyumba moja. Walikuwa wakitoka pamoja kila alfajiri. Siku moja shemeji aliinama ndani ya pipa la mashine kukwangua donge lililoshikana chini. Mwokaji, aliyekuwa upande wa pili nyuma ya magunia, alidhani ameshatoka. Akabonyeza.

Tangu siku hiyo hakulala nyumbani. Hakuna aliyemfukuza. Lakini nyumba ile ilikuwa na mlango mmoja, na karibu na mlango ndipo mama mkwe alipoweka meza yake ya kupigia pasi nguo za watu. Ndiyo kazi iliyomlisha tangu alipofiwa na mumewe. Mwokaji hakuweza kumpita. Akahamia stoo ya kiwanda, akalala juu ya magunia. Mkewe alimpelekea nguo safi, akamkabidhi getini, akarudi. Hakumwambia asirudi wala hakumwambia arudi. Alikuwa amempoteza mdogo wake, na mumewe amebaki hai lakini hayupo; hakujua aanze kulia lipi.

Nesi aliweka viti. Kimoja cha Mwokaji, kimoja cha mkewe, kimoja cha mwenzake wa tanuri, aliyekuwa zamu ile siku ya ajali na aliyekuwa akimgawia Mwokaji chai asubuhi. Kimoja chake mwenyewe. Na kimoja kitupu, cha mama mkwe.

Mara za kwanza Mwokaji alikaa kama gunia. Nesi alipomuuliza nani anamhitaji, alisema hakuna; mikate sasa inaokwa na mtambo, watu ni wa kubonyeza tu. Halafu akasikia neno alilolitamka, uso ukamvunjika. Mwenzake wa tanuri alisogeza kiti karibu, basi. Nesi alikumbuka kwa nini alimfuata Daktari, akaacha mshahara wa serikali na pensheni yake.

Polepole kitu kilianza kulegea. Mkewe alisema mbele ya duara kwamba mtoto wao mdogo anavaa viatu kinyume kila asubuhi kwa sababu baba ndiye aliyekuwa anamvalisha. Wiki iliyofuata Mwokaji alikwenda shuleni, akasimama ng'ambo ya barabara mpaka watoto walipotoka. Mdogo alimwona, akakimbia. Mwokaji aliyasimulia haya akitazama chini, na mkewe, kwa mara ya kwanza, aliweka mkono kwenye goti lake. Pale kiwandani alianza kurudi kwenye swichi mara moja tu, kisha akaenda zake.

Kilichobaki ni kiti kile kitupu. Nesi alikwenda mwenyewe kumwona mama mkwe. Alimkuta mlangoni amesimama mbele ya meza, pasi mkononi, mashati ya watu yametundikwa nyuma yake kama msafara usio na vichwa. Bibi huyo hakukatisha kazi. Alimkaribisha kwa adabu, akamwonyesha kigoda, akaendelea kunyoosha kola. Nesi alimweleza Mwokaji alipofikia, akamweleza kiti kinachomngoja.

"Mwanangu, nimekusikia," mama mkwe alisema. "Lakini mimi najijua. Nikikaa mbele yake nitasema, na nikisema halitarudi mdomoni. Niache kwanza nipige pasi."

Nesi aliaga. Njiani aliona kwamba yule bibi amesema jambo la busara kuliko mengi aliyoyasikia kwenye vikao vya watabibu. Alikusudia kungoja. Daktari angengoja.

Kisha Mkurugenzi akatangaza siku ya wageni.

Ilikuwa karibu kuliko alivyotarajia. Nesi alizipitia familia zote zilizokuwa zikija kwake, akaona hakuna nyingine inayoweza kuonyesha kazi ya duara kama hii. Wengine walikuwa wamepona tayari, au ndio kwanza wanaanza. Hii ilikuwa imebakiza hatua moja. Alijiambia kwamba hafanyi kwa ajili yake, anafanya kwa ajili ya wote watakaokuja baadaye kukitafuta chumba hiki na kukikosa. Mtu akishajiambia hivyo, hakuna asichoweza kujihalalishia.

Akarudi kwa mama mkwe. Safari hii hakukaa kwenye kigoda. Alisema wajukuu wanaharibika. Alisema mtoto hamwelewi bibi anayemfungia baba yake njia kwa meza ya pasi. Alisema baba yao akimalizikia kule kwenye magunia, watakuja kuuliza nani alikuwa na uwezo wa kumrudisha akakataa. Alipokuwa akisema hayo aliona shati limeanza kuungua chini ya pasi, na bibi hajaona.

Mama mkwe aliinua pasi, akalitazama lile doa. Akalikunja shati, akaliweka kando.

"Wewe umesoma," alisema. "Ukisema ni dawa, nitakuja."

Asubuhi ya siku hiyo Mkurugenzi alimkuta Nesi katika chumba kikubwa akipanga viti. Akauliza kama mama wa marehemu yuko tayari. Nesi akajibu kwamba atakuja.

"Sikuuliza kama atakuja," Mkurugenzi alisema.

Nesi aliendelea kupanga. Mkurugenzi alisimama kidogo, kama mtu mwenye neno, kisha akaenda kuwapokea wageni.

Wageni walikuwa wanne, watu wa ofisini, wenye mafaili. Waliwekewa viti ukutani, nje ya duara, na Nesi aliwaambia Mwokaji na wenzake kwamba ni watu wa afya tu, wasiwajali. Mwokaji aliwatazama mara moja, akayashusha macho. Mkewe alivuta kanga yake. Mwenzake wa tanuri aligeuza kiti chake kidogo, awape wageni mgongo, na katika chumba kile huyo peke yake ndiye aliyefanya jambo ambalo Daktari angelifanya.

Mama mkwe aliingia wa mwisho. Alikuwa amevaa gauni lililonyooshwa mpaka mikunjo yake ilisimama kama karatasi. Akakaa kwenye kiti chake. Mwokaji hakuwa amekaa karibu naye hivyo tangu mazishi.

Kimya kikaanza. Nesi alikijua kimya cha namna ile. Alifundishwa kukiacha kikae mpaka chenyewe kiamue kuondoka. Mara nyingi kikao kizima kilipita hivyo, watu wakaenda nyumbani bila neno, na kumbe kazi imefanyika. Lakini ukutani mgeni mmoja alikohoa. Mwingine alichungulia simu yake. Nesi alihisi chumba kinamponyoka mikononi.

"Mama," alisema, "mwambie mkweo lililo moyoni."

Mama mkwe alimtazama Nesi kwanza, kwa muda, kama anayeuliza mara ya mwisho. Kisha akamgeukia Mwokaji. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Ni mikono yako. Mimi sioni kitu kingine. Nakumbuka ulikuja kuposa, nikaitazama mikono yako, nikasema huyu ana mikono ya kazi, atamtunza mwanangu. Ndiyo hiyo hiyo iliyobonyeza. Sasa nasikia unakwenda shuleni kuwashika wajukuu zangu kwa hiyo mikono. Heri ungeiunguza kabla hujaigusa ile mashine. Ningekuwa na mtoto wangu, nawe ungekuwa kilema, na mimi ningekutunza."

Mkewe alianza kulia. Mwenzake wa tanuri alifunga macho. Mwokaji aligeuza viganja vyake juu ya mapaja, akavitazama kama vitu alivyokabidhiwa na mtu mwingine.

"Ni kweli, mama," alisema.

Akainuka. Akasema kwa adabu kwamba zamu yake imekaribia, akaomba ruhusa. Mkewe hakuweza kuinuka. Mama yake alikuwa ameinama, nusura aanguke kitini, ikabidi amshike. Mwenzake wa tanuri alikuwa zamu ya baadaye, na alikwenda kumtafutia bibi maji. Nesi alisimama amfuate Mwokaji. Ndiyo sheria aliyoijua kuliko zote.

Lakini wageni nao walikuwa wamesimama, wamemzunguka. Mmoja alikuwa na machozi, akasema hajapata kuona kitu kama kile. Mwingine alitaka kujua kama hali hiyo ni ya kawaida, na hatua inayofuata ni ipi. Nesi aliwaambia subirini, halafu akaanza kujibu swali moja, kwa ufupi. Swali hilo likaleta jingine. Akajikuta anaeleza jinsi Tiba ya Pamoja isivyomwacha mtu peke yake na maumivu yake. Aliieleza vizuri. Alikuwa hajaieleza vizuri namna ile tangu Daktari afe. Na wakati anaieleza, Mwokaji alikuwa barabarani peke yake, anapita kituo cha mafuta, anapinda kuelekea kiwandani.

Habari ilikuja na mwenzake wa tanuri, aliyefika asubuhi ya kesho yake na nguo za kazi. Alisema alipoingia zamu alimkuta Mwokaji kwenye tanuri akitoa trei. Alimwona amegeuza mgongo, anafanya kazi kama kawaida, bila haraka. Anaingiza mikono, anavuta trei, anaiweka kwenye rafu, anarudi. Hata akamtania kwamba leo amekuwa bwana harusi wa tanuri. Ndipo alipoona glavu zimetundikwa msumarini. Alimrukia, akamvuta, na Mwokaji alimwambia kwa upole kwamba alisahau kuzivaa.

"Kila trei alisahau," mwenzake wa tanuri alisema, akakaa chini kwenye ngazi.

Mkurugenzi hakumfokea Nesi. Alimwita ofisini, akafunga mlango, akakaa bila kuwasha taa ingawa mvua ilikuwa imeleta giza dirishani. Alisema wakuu wa makampuni wataweka saini, kwa sharti kwamba vikao vya namna ile visifanyike tena. Chumba kikubwa kitagawanywa. Nesi alisema anaelewa. Alisema ataondoka, hahitaji kuandikiwa barua.

Mkurugenzi akasema, "Nilijua. Asubuhi ile nilijua unakosea. Wewe ndiye uliyenifundisha, nikiwa mdogo kwenye lile benchi, kwamba baba hamvuti mtu. Nilikuwa na mdomo wa kukuzuia. Nikanyamaza kwa sababu nilitaka ukosee."

Mvua ilipiga bati. Nesi alimwangalia yule mtoto ambaye zamani yeye Nesi alikuwa akimchongea penseli.

"Basi tuko wawili," alisema.

Alichukua mwavuli wake akatoka.

Mwokaji alilazwa katika wodi ya walioungua, mikono yote miwili imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko, kama amevaa mito. Nesi alikwenda kila siku. Hakuingia. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, mahali anapoweza kuona kitanda kupitia mlango ulioachwa wazi. Mke wa Mwokaji alimpita akienda na kurudi bila kumsalimia, na Nesi hakumlaumu. Manesi wa zamu walikuwa wachache, vitanda vingi. Chakula cha Mwokaji kililetwa, kikawekwa kando ya kitanda, kikapoa, kikaondolewa. Mkewe alipokuwepo alijaribu kumlisha, naye aligeuza uso ukutani. Daktari wa wodi alisema vidonda vinaweza kupona, lakini havitapona kwenye mwili usiokula. Mwokaji alikonda mpaka mashavu yakaingia ndani.

Mchana mmoja mama mkwe akaja. Alikuwa na bakuli la supu lililofunikwa kitambaa. Alimwona Nesi kwenye benchi, akampita, akaingia, akavuta kiti. Mwokaji alipomwona alijaribu kujiinua akashindwa, kwa kuwa hakuwa na mikono ya kujiegemezea. Bibi alifunua bakuli, akachota, akapuliza, akapeleka kijiko.

"Sijakusamehe," alisema. "Na sijui kama nitakusamehe. Fungua mdomo."

Mwokaji alifumba macho, machozi yakamtiririkia masikioni, mdomo umebana. Bibi alikishikilia kijiko pale pale hewani. Mkono wake wa kizee ulianza kutetemeka, supu ikamwagika kidogo kwenye shuka, naye hakuushusha. Kwenye kitanda cha pili mgonjwa mwingine alikuwa amegeuka kutazama. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe Mwokaji alifungua mdomo.

Nesi aliinuka kwenye benchi. Alitaka kuingia, alitaka kusema kitu, na kwa mazoea ya miaka yote ile maneno yalikuwa tayari yamejipanga. Akakaa tena, akayameza.

Tangu siku hiyo mama mkwe alikuja kila mchana, akiacha nguo za watu zikingoja. Alimlisha, akamfuta mdomo, akaondoka.

Ngozi ilipona vibaya. Vidole vilishikana, vikabaki vimekunjwa kama vya mtu aliyeshika kitu asichotaka kukiachia. Kiwanda hakikuwa na kazi kwa mikono hiyo. Mwokaji alirudi nyumbani, maana sasa hapakuwa na namna: alihitaji mtu wa kumfunga vifungo vya shati, na mkewe alitoka alfajiri kwenda kufanya usafi maofisini. Aliyemfunga vifungo ni mama mkwe. Alimfunga kuanzia chini kwenda juu, na alipofika shingoni aliangalia kando. Kisha akasukuma meza ya pasi, akampisha apite.

Ile nyumba nyuma ya kituo cha mafuta ilistawi. Ilipakwa rangi, ikawekewa kiyoyozi, ikafungua matawi. Picha kubwa ya Daktari Mzee iko mapokezi, na vijana wanaojifunza pale wanaambiwa kwamba yeye ndiye mwanzilishi. Kila mtabibu ana mlango wake. Wagonjwa wengi wanapona, hilo haliwezi kukataliwa. Mkurugenzi jioni anafunga ofisi anakwenda kwake, na inasemekana watoto wake wanampenda. Nesi alirudi wodini alikoanzia, si kama nesi, umri ulikuwa umepita, bali kama msaidizi, wa kutandika vitanda na kusukuma vigari. Ikitokea mtu akamuuliza habari za Tiba ya Pamoja, anamsimulia habari ya Mwokaji tangu mwanzo, na haipunguzi chochote.

Miaka michache baadaye mama mkwe aliugua, akafa kwake. Nesi alisikia, akaenda mazishini, akasimama nyuma pamoja na majirani. Mwokaji alikuwa mbele na wanawe, mkubwa sasa akimfikia begani. Watu walipoanza kutawanyika, mkewe alimwendea Nesi. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu siku ya wageni.

Alimwambia kwamba mama yake katika siku za mwisho alikuwa hawezi kula, na Mwokaji ndiye aliyekuwa akimshikilia kikombe, kwa viganja, kwa kuwa vidole havikunjuki. Usiku na mchana alikuwa pale. Na neno la msamaha mama hakulitamka. Mpaka mwisho hakulitamka, na Mwokaji hakumwomba alitamke. Sasa amekaa na hilo, halali, anazunguka nyumba.

Nesi alisikiliza. Hakumweleza maana yake nini. Aliuliza tu kama kesho anaweza kuja akae nao.

Mke wa Mwokaji alifikiri, akitazama udongo uliokuwa umemshika viatuni.

"Njoo," alisema. "Lakini usiseme kitu."

Kesho yake Nesi alikwenda. Alikuta mlango uko wazi na watoto wameshatoka kwenda shule. Mwokaji alikuwa amekaa karibu na ile meza, pasi imepoa juu yake. Nesi alivuta kigoda, akakaa.